Pampu ya presha kwa D-4D iliyotuniwa: anza na valvu ya SCV, ndipo uulize bei

Tangu mvua zianze, simu ninazopigiwa na wenye Toyota za injini ya dizeli ya D-4D, yaani Hilux Vigo, Prado 120 na Hiace za KDH, hapa Kigoma hazitofautiani. Gari limeremapiwa, yaani programu ya kompyuta ya injini imebadilishwa liongeze nguvu, lilikuwa likipanda milima ya Kalinzi kwenda Manyovu na mzigo wake bila shida. Sasa likifika katikati ya mlima linakata nguvu na taa ya injini inawaka. Dereva anazima, anawasha, linakubali kidogo, linarudia. Fundi anapiga mashine, anasoma kodi (code) ya hitilafu P1229, anatangaza kuwa pampu imekufa. Mwenye gari anapiga simu Dar, anatuma pesa, pampu inakuja na basi, inafungwa, na mlima ule ule unamshinda tena.

Kisa cha kaka mmoja wa Kasulu anayebeba dagaa kimeniuma kuliko vyote. Pampu aliyouziwa kama mpya nimeishika mwenyewe kwenye gereji moja Mwanga. Mwili wake ulikuwa unang'aa na rangi ya fedha bado inanuka. Fundi alifungua bolti mbili za SCV (suction control valve), ile valvu ndogo iliyobanwa juu ya pampu, akaichomoa. Shingoni kulikuwa na pete ya kahawia ya dizeli iliyoganda, na oringi yake imekakamaa, ukiikunja kwa kucha inapasuka. Aliifuta kwa karatasi nyeupe, ikaacha unga mweusi. Akapitisha sumaku chini ya karatasi, unga ukasogea. Ni pampu ya mtumba iliyooshwa, ikapuliziwa rangi na kuuzwa kwa bei ya mpya, huku juu yake imekaa valvu ile ile iliyoiangusha ilikotoka.

Kwa hiyo humu sitazungumzia nguvu za farasi, wala garanti, wala muda wa kufika mzigo. Hayo muuzaji atakueleza hata usipomuuliza. Nazungumzia SCV, kwa sababu kila mtu anayekuuzia pampu anaipita kimya.

P1229 haisemi pampu imekufa

Pampu ya 1KD na 2KD, injini za D-4D hizi, ni Denso HP3. Ndani ina plunja mbili zinazotazamana, zinasukumwa na kamu moja, na kwa nyuma ina pampu ndogo ya kuvuta dizeli kutoka kwenye tangi. Hilux hizi hazina pampu ya umeme ndani ya tangi, kazi yote ya kuvuta inafanywa hapo hapo. Katikati, kati ya kuvuta na kusukuma, ndipo inapokaa SCV. Kompyuta ya gari ndiyo inayoiamuru ifunguke kiasi gani, na kiasi hicho ndicho kinachoamua dizeli ngapi iingie kwenye plunja. Injini ikinguruma gari limesimama, presha kwenye reli, lile bomba nene linalogawa dizeli kwa nozeli, ni kama baa 300. Ukikanyaga mafuta yote na mzigo mgongoni, Vigo inapanda hadi baa 1,600 hivi. Tairi la gari hilo hilo lina kama baa 2. Mpandisho wote huo, juu na chini, mara nyingi kwa dakika, unaongozwa na kipande cha chuma kinachoteleza ndani ya tundu lenye nafasi ndogo kuliko unywele.

Sasa tazama maana ya ile kodi. P1229 kwenye Toyota inatokea kompyuta inapoona presha imepita ilivyoagiza, yaani mafuta yanaingia mengi kuliko amri. Pampu iliyokwisha haiwezi kuzidisha presha. Iliyochoka inapunguza. Anayezidisha mara nyingi ni SCV iliyokwama ikiwa wazi, au waya wake una hitilafu. Fundi anayesoma P1229 na kukutuma ukanunue pampu nzima amekusomea kodi nusu. Kodi ya kuogopa kwa upande wa pampu ni ya presha kuwa ndogo, kama P0087, au P0093 inayolalamikia uvujaji. Na hata hizo zina watuhumiwa wengine kabla ya pampu: filta iliyoziba, bomba la kuvuta linalopenyeza hewa, nozeli zinazorudisha dizeli nyingi mno.

Kuna kipimo cha mita ambacho mafundi wengi wanakiamini kupita kiasi. SCV nzima inasoma kama omu 2 hivi ikiwa baridi, ikisoma hivyo wanasema ni nzima. Omu zinakupa habari za koili tu. Chuma kinachokwama ndani yake hakionekani kwenye mita, na ndicho kinachokwama.

Kwa nini lililotuniwa linaanza, na kwa nini Kigoma

Remapu inaagiza presha zaidi na inaacha nozeli wazi muda mrefu zaidi. Pampu inadaiwa dizeli nyingi kuliko ilivyopangiwa kiwandani, kwa hiyo SCV inafanya kazi kwenye kingo za uwezo wake, ikifunguka sana na kujifunga ghafla. Uchafu mdogo ambao gari la kawaida lingeuvumilia mwaka mzima, hapa unaonekana kwenye mlima wa kwanza. Viboksi vya kuchomeka vya kuongeza nguvu ni vibaya zaidi. Vingi vya bei ndogo vinakaa kati ya sensa ya reli na kompyuta, vinaidanganya kompyuta kwamba presha iko chini, nayo inazidi kuipandisha bila kujua iko wapi hasa. Mtu mwenye kiboksi cha aina hiyo akinunua pampu mpya leo, ataiua kwa utaratibu ule ule. Kichomoe kwanza, ndipo tuzungumze.

Halafu kuna dizeli yetu. HP3 haina oili yake, inalainishwa na dizeli inayopita ndani yake. Mafuta ya taa hayana ulaini huo, na ndiyo maana uchakachuaji unaua pampu kabla haujaua injini. Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuyachanganya na dizeli kusilipe tena, na kwenye vituo vikubwa mambo si kama zamani. Lakini ukishuka kwenye vijiji vya kando ya ziwa, dizeli bado inauzwa kwa madumu, imekaa kwenye pipa lisilo na kifuniko cha maana, na mvua hizi zinafanya yake. Maji yakifika kwenye SCV yanaacha kutu, na kutu kwenye tundu lile ni msasa. Taa ya maji kwenye dashibodi ikiwaka, usiendelee na safari hadi Uvinza ukisema utamwaga maji kesho.

Wenye Land Cruiser za 1HZ wataniambia gari lao linakunywa dizeli hiyo hiyo na halilalamiki. Ni kweli, pampu yao ni ya kimakanika na presha zao ni ndogo sana. Haitusaidii sisi.

Kabla ya kununua chochote

Tafuta mtu mwenye mashine inayorekodi, si inayosoma kodi tu. Rekodi vitu viwili kwa pamoja: presha iliyoagizwa na presha halisi. Barabara ya Manyovu inatosha kabisa kwa kazi hii, mlima uko pale pale. Kama gari likiwa limesimama presha halisi inapanda na kushuka kuizunguka ile iliyoagizwa, na mshale wa mizunguko unacheza, hasa injini ikishapata moto, nenda kwenye SCV. Kama likiwa limesimama iko tulivu, lakini ukikanyaga yote mlimani presha halisi inaachwa nyuma na ile iliyoagizwa, na umeshabadilisha filta, umeshapima marejesho ya nozeli kwa chupa, umeshakagua bomba la kuvuta, basi hapo ndipo neno pampu linapoingia.

Chaguo la kwanza: SCV mpya ya Denso kwenye pampu yako mwenyewe

Naiweka juu ya pampu zote. Pampu yako unajua imetoka wapi na imekunywa nini. Valvu hii bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya pampu, na inafungwa kwa bolti mbili bila kushusha gia wala kamu. Kinachotakiwa ni usafi: osha pampu yote kwa nje kabla ya kugusa bolti, maana mchanga ukidondoka kwenye tundu lile kazi imekwisha kabla ya kuanza.

Tatizo ni kuipata iliyo sahihi. SCV za HP3 zipo ndefu na zipo fupi. Na kati ya fupi kuna zinazobaki wazi umeme ukikatika, na kuna zinazobaki zimefungwa umeme ukikatika. Kwa macho zinafanana, lakini kwa kazi zinapingana. Ukifunga ya kinyume, gari haliwaki au linawaka na kujizidishia presha, na fundi atakwambia pampu ni mbovu. Kwa hiyo usimwambie muuzaji "nataka SCV ya Vigo." Piga picha kibao kilicho kwenye mwili wa pampu yako. Namba ya Denso ya HP3 inaanza na 294000. Hiyo, pamoja na namba ya Toyota inayoanza na 22100, ndiyo inayoleta valvu sahihi. Muuzaji anayekujibu kwa mfano wa gari tu, bila kuomba namba, hauzi kitu anachokijua.

Na iwe Denso. Nalisema hili waziwazi na sitalizunguka: kwa valvu hii sijaona sababu ya kumpa mtu mwingine nafasi. Aliyetengeneza pampu ndiye aliyetengeneza tundu, na anayejua ukubwa wa tundu ndiye pekee anayejua ukubwa wa kinachoteleza ndani yake. Zile za jina jingine zinazofanana nazo kwenye vioo vya maduka zina koili nzuri, zinasoma omu sawasawa, kisha zinakwama injini ikipata moto.

Chaguo la pili: pampu mpya ya Denso, SCV ikiwa juu yake kutoka kiwandani

Kama rekodi imeonyesha pampu yenyewe imechoka na gari limetuniwa, hii ndiyo. Ni pesa nyingi, ni mamilioni, na nashauri hivyo hivyo. Gari lenye remapu linahitaji plunja ambazo hazijapoteza hata kidogo, kwa sababu ziada uliyoiomba ndiyo ile ambayo pampu iliyochoka haiwezi kuitoa.

Ikifika, usiifunge kabla hujaitazama. Matundu yote ya mafuta yawe na vizibo. Vichwa vya bolti za SCV visiwe na alama ya spana. Kibao kiwe kimekaa chenyewe na namba zake zisomeke. Rangi kwenye mwili wa alumini ni dalili mbaya sana, alumini ya kiwandani haipakwi fedha. Shafti iwe safi mahali inapoingia gia, kwa sababu inaingia kwa kubana na hutolewa kwa kifaa cha kuvutia. Ukiona shafti ina makovu ya nyundo, hiyo imewahi kuishi kwenye gari la mtu.

Wapo wanaouliza pampu kubwa kuliko ya kiwanda. Wamarekani wenye pikapu za injini ya Duramax LML za 2011 hadi 2016 wana sababu yao ya kutoa pampu ya CP4 ya Bosch na kuweka ya CP3, kwa sababu CP4 ikivunjika inamwaga vyuma mfumo mzima. Kwetu sisi wa HP3 ugonjwa huo si wa kawaida hivyo. Kwa remapu ya barabarani, ya kubeba mzigo na kupita lori, HP3 nzima inatosha. Ikikosa kutosha, tatizo ni faili la remapu la aliyekutunia.

Chaguo la tatu: kuijenga upya ya kwako

Hili ni chaguo la heshima, na kwa wengi litakuwa la kwanza kwa sababu ya mfuko. Sharti ni moja: aliyeijenga awe na benchi ya kupimia na akupe karatasi ya vipimo. Fundi anayefungua HP3 mezani, anabadilisha oringi, anafunga na kusema "tayari" amekubadilishia oringi tu. Ujenzi wa kweli unagusa plunja na vichwa vyake, kamu na pete yake, pampu ndogo ya kuvuta, na SCV mpya. Hapa ndipo ninapogombana na mafundi pampu. Wengi wanaipima pampu kwenye benchi wakiwa wameweka SCV yao wenyewe iliyo nzima, pampu inapita vizuri, kisha wanakurudishia na ya kwako ya zamani. Karatasi inasema nzima, gari linasema mbovu, na wote wawili hawadanganyi. Waulize kabla ya kutuma: mnapima na SCV ipi? Inayorudi Kigoma ni ipi? Jibu liwe kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu.

Pampu ikiwa imekula chuma, usiijenge. Mimina dizeli ya filta ya zamani kwenye chombo cheupe utazame. Ukiona vimetameta, hesabu pia kusafisha tangi, mabomba, reli na kupima nozeli. Vinginevyo hata ile Denso mpya ya chaguo la pili inaingia kwenye tope lile lile.

Chaguo la nne: used ya Japani

Inafaa kama gari litarudishwa kwenye faili la kiwandani na SCV mpya itanunuliwa pembeni siku hiyo hiyo. Bila hayo mawili, hapana.

Pampu nzima ya Mchina isiyo na jina: kwa gari lililotuniwa, hapana.

Kuhusu wauzaji wetu

Dizeli ina bei kikomo. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, wanaitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, wilaya kwa wilaya, na gharama ya kuifikisha huku imeingizwa humo kwa hesabu inayoonekana. Tunalipa zaidi ya mtu wa Dar, inatuuma, lakini tunajua tunalipia nini. Spea haina kitu kama hicho. Muuzaji akishasikia "niko Kigoma" bei inapanda kabla ya nauli, kisha nauli inakuja juu yake. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa Kigoma mbali. Reli ya kati ilifika hapa mwaka 1914, na mizigo inafika kila siku kwa barabara. Umbali wetu unajulikana, na kifurushi cha pampu kinakaa chini ya kiti cha basi.

Kibaya zaidi ni lugha ya simu. "Dada, hiyo ni OG, namtumia mteja wako leo leo, asiwe na wasiwasi." Naomba picha ya kibao, inakuja picha ya boksi. Naomba picha ya SCV ikiwa imechomolewa, naambiwa ikifunguliwa inaharibika. Si kweli, ni bolti mbili. Naomba risiti ya EFD yenye namba ya pampu, bei inabadilika pale pale. Na mzigo ukishapanda basi, hakuna kurudisha, wakati mtu wa Kariakoo anaweza kurudi dukani mchana huo huo na pampu yake mkononi akasikilizwa. Sisi tunalipa zaidi na tunasikilizwa kidogo. Kama unanunua kwa mbali, mtume ndugu yako aende dukani, asimame pale, SCV ichomolewe mbele yake kabla pesa haijatoka. Duka linalokataa jambo hilo lina sababu, na sababu hiyo utaifunga kwenye gari lako.

Ikishafungwa

Filta mpya ya dizeli siku hiyo hiyo, na hewa itolewe kwa pampu ya mkono hadi iwe ngumu. Usiikaushe HP3 kwa kuzungusha starta bila mafuta, inalainishwa na dizeli, na sekunde hizo kavu ndizo zinazochora plunja. Kisha kompyuta ifundishwe pampu mpya kwa mashine. Toyota wanalitaka hilo kila pampu inapobadilishwa, na gereji nyingi zinaliruka, gari linabaki kutetemeka na lawama inakwenda kwa pampu. Kama nozeli nazo zimebadilishwa, kodi zake za herufi na tarakimu 30 ziingizwe moja moja.

Kwa wiki chache za mwanzo weka mafuta kituo kimoja unachokiamini, na fungua koki ya maji chini ya filta uone kinachotoka. Aliyekuwekea remapu umpelekee rekodi mpya ya mlimani, ile ya presha iliyoagizwa na presha halisi, na umwambie ashushe presha ya juu ya reli hadi mistari miwili itembee pamoja kwenye mlima wote, gari likiwa na mzigo. Utapoteza nguvu kidogo za juu. Akisema haiwezekani, mwambie akurudishie faili la kiwandani.